Visanduku Kumi na Viwili Malishoni

"Nitrojeni nyingi hupotea pale ng'ombe anapokojoa," mjukuu wangu wa kike aliwaambia wageni wa chuo, akionyesha kisanduku cha kunasia hewa ya udongo kilichochimbiwa nyasini. "Ajabu ni kwamba visanduku vyangu havijaonyesha hivyo hata mara moja."

Fimbo ilinitoka mkononi.

Miezi minane amepiga magoti malishoni, jua na mvua, akivuta hewa ya udongo kwa bomba la sindano. Na miezi hiyo minane mimi, mchungaji, nimewafukuza ng'ombe wasimchafulie kazi.

Wageni walipoingia garini, nilimweleza yote.

Matope yalikuwa yamemkaukia magotini mpaka yakapasuka.

"Babu, umenimaliza."

"Najua, mama."

"Tangu siku ya kwanza?"

Nikatoa daftari mfukoni. Shule ya jioni ilinizoesha kuandika kila nifanyacho: tarehe, ng'ombe gani, nimemfukuza kwenye kisanduku cha ngapi.

Aliketi nyasini akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Kuna mahali alicheka. "Huyu Mabaka umemfukuza mara arobaini!"

"Ana kichwa kigumu, kama wewe."

Gari la wageni lilikuwa limeshapotea barabarani. Nimeona wakubwa wakificha makosa madogo kuliko hili. Yeye alichukua simu.

"Rudini, tafadhali. Vipimo vyangu vina kasoro, na sasa najua ilipo."

Nikainama kuokota fimbo.

"Iache hapo hapo, Babu," alisema. "Kamwite Mabaka."