Sahani ya Kinyonga

Jasoda alimwekea kinyonga mchicha, maziwa na kipande cha ndizi mbivu ndani ya tundu lake. Dini ya nyumba ile, nyuma ya duka lao mtaani Kanyenye, haikuruhusu kuua hata sisimizi.

“Yesu na Maria! Kinyonga ndani ya nyumba?” Jirani aliyekuja kuomba moto alikwama mlangoni.

“Hana ubaya, dada. Ni kama sisi, anakula majani tu. Ila tangu juzi hajagusa kitu. Labda ni ugeni.”

Nzi akatua juu ya ndizi.

Ulimi ukafyatuka, mrefu kuliko kinyonga mwenyewe, ukarudi na nzi. Jirani akapiga ukelele, akakimbia bila moto wake.

Jasoda aliinamia tundu. Alisikia mabawa yakivunjika katika mataya yale madogo. Mguu mmoja ulibaki nje ya mdomo ukichezacheza, kisha nao ukaingia.

Ndizi haikuguswa.

“Kuna nini huko?” mumewe aliuliza kutoka dukani, chini ya picha ya Mfalme Joji.

“Hakuna kitu.”

Mbavu za kinyonga zilikuwa zinahesabika. Jicho moja lilitazama sahani, la pili lilimtazama yeye.

Jasoda akachukua bakuli la sukari guru, lililofunikwa nzi wasiingie. Akaliweka kando ya tundu, akalifunua.