Mzee Desderius Amlilia Mhindi

Mzee Desderius, mfanyabiashara wa kahawa, mtu mkavu wa macho hata msibani, alikuwa analia ndani ya kibanda umiza, banda la kuonyeshea filamu pale mjini Rubwera, mbele ya vijana wa bodaboda.

Mkewe Kokushubira ndiye aliyemburuta. "Baba Noela, kuna filamu ya Kihindi. Twende ukapumzishe roho."

Kupumzika alikuhitaji kweli. Tangu Pasaka binti yake Noela hakumsemesha, kisa kijana aliyeleta posa, Niyomugabo. Mzee hakutaka kumwona wala kujua kazi yake. Alimuuliza mshenga ukoo tu. Aliposikia ni mjukuu wa kibarua kutoka Rwanda, akafunga mlango. Ndugu zake kule Muleba wangemcheka mpaka kaburini. Lakini ukimya wa Noela ulimuuma kuliko alivyokiri.

Na sasa Mhindi anafanya yaleyale! Mtafsiri, nyuma ya pazia, alieleza kwenye kipaza sauti kwamba tajiri huyu wa Bombay amemkataa mkwe kwa kuwa ni wa tabaka la vibarua. Kijana alileta pombe ya ndizi, rubisi ya posa, tajiri akaimwaga.

"Bombay nako wanakunywa rubisi?" mzee alinong'ona.

"Nyamaza usikilize."

Binti akafa kwa huzuni. Kwenye skrini watu walicheza na kupuliza matarumbeta. Mtafsiri akasema ndivyo wanavyozika kwao. Kisha binti akapita amepanda farasi, anacheka.

"Huo ni mzimu wake," alifafanua mtafsiri. "Umekuja kumuaga baba."

Mzee alishindwa kuvumilia. Alisimama, akamnyooshea Mhindi kidole, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kola.

"Baba mjinga wewe! Ukoo unaliwa na maharage? Umemuua mtoto kwa aibu ya watu! Ingekuwa mimi, kijana ningempa binti leo hii, hata awe kibarua wa kibarua!"

Kibanda kizima kilipiga makofi. Kokushubira alipiga kuliko wote.

"Kweli, mzee?" aliuliza bodaboda mmoja.

"Mbele yenu nyote! Mungu ananisikia!"

Kwenye skrini tajiri alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Spika ikakohoa.

"Shikamoo, baba mkwe. Ni mimi, Niyomugabo. Noela yuko hapa, ndiye anayenishikia kipaza sauti."