Majeruhi Aliyepotea

"Fungua mdomo."

"Nimevunjika mguu!"

"Naona. Lakini hili gego la chini nalo limeoza vibaya."

Mwanafunzi mwenzake, aliyebandikwa jina la Samahani, alimvuta kiongozi wa darasa kwa mkono wa koti. "Funga mguu kwanza. Gego litasubiri."

Walikuwa wanafunzi wa udaktari wa meno, mwaka wa nne, na hilo lilikuwa zoezi la maafa. Viti na meza za ukumbi wa chuo zilikuwa zimepinduliwa ili pafanane na jengo lililoporomoka. Watu wa kujitolea walilala humo wakilia kwa bidii, wamepakwa damu ya bandia, kila mmoja na kadi shingoni inayoeleza ameumia wapi.

Profesa alikuwa ametoa maelezo mafupi. Majeruhi ni kumi na wawili, watolewe wote. Utepe mwekundu kwa asiyeweza kusubiri, wa njano kwa anayeweza, wa kijani kwa anayetembea. "Mimi nitakuwa kule juu kwenye roshani na kalamu yangu," alisema. "Sitasema neno."

Jina la Samahani alilipata kwenye zoezi la kwanza. Alimwomba majeruhi radhi kabla ya kumgusa, akamwomba tena alipomgusa, hata yule mtu akahesabiwa kafa angali anaombwa radhi. Leo akifeli, anarudia mwaka mzima. Mama yake, fundi cherehani, bado hakuelewa. "Meno na majengo kuanguka," aliuliza asubuhi ile, "wapi na wapi, mwanangu?"

Mlangoni, kabla hawajaanza kazi, waliwahiwa na bwana mmoja mnene mwenye kizibao cha rangi ya machungwa na filimbi mdomoni. Kofia yake ngumu ilikuwa imebonyea upande mmoja. Wanafunzi walimtazama kwa heshima. Huyu, walinong'onezana, ameona mengi.

"Leo ni siku gani?" alifoka.

"Jumanne, Mwalimu!" waliitikia kwa pamoja.

"Vizuri. Kazini!"

Wakatawanyika. Baada ya dakika kumi akapiga filimbi tena. "Leo ni siku gani?"

"Jumanne, Mwalimu!"

"Anapima umakini wetu," kiongozi wa darasa alinong'ona, akaandika jambo hilo kwenye daftari.

Kazi ilienda. Wa nane akatoka, wa tisa akatoka, wa kumi na moja akatolewa chini ya jukwaa akiwa amepitiwa na usingizi. Wa kumi na mbili hakuonekana. Waliangalia kwenye makabati, nyuma ya mapazia, ndani ya mapipa ya taka. Bwana wa filimbi mwenyewe aliinama akachungulia chini ya piano.

"Hayupo!" alisema kwa uchungu. "Wapangeni hawa waliopo kwa urefu. Mfupi mbele!"

"Kwa urefu, Mwalimu?"

"Umesikia!"

Wakaanza kuwapanga. Aliyevunjika mguu alisimamishwa katikati ya foleni, ameshikwa makwapa.

Samahani alikuwa kando ya machela ya magurudumu aliyolazwa bibi mmoja, mstaafu wa posta, mwenye utepe mwekundu. Kadi yake ilisema anavuja damu kifuani na ana dakika chache tu. Samahani alikuwa amekandamiza kidonda kwa mikono miwili.

"Huyo bibi ashuke," bwana yule alimwambia. "Machela naitaka mimi. Nimechoka."

"Mwalimu, samahani, huyu hawezi ku..."

"Ashuke!"

"Mjukuu wangu," bibi alinong'ona, jicho moja wazi, "nishuke au nife kwanza?"

"Mtii tu!" kiongozi wa darasa alimsihi kutoka kwenye foleni. "Atatufelisha wote!"

Samahani aliitazama mikono yake. Damu ilikuwa ya bandia, lakini moyo ulimwenda mbio kwelikweli. Akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa radhi.

"Hashuki! Wewe ndiye utakaa chini. Pale ukutani. Kichwa kiegemee, usinyanyuke mpaka nikwambie!"

Hata waliokuwa wakilia walisahau kulia.

"Unajua mimi ni nani?" bwana aliuliza.

"Sijui, na leo sina nafasi ya kujua. Kaa!"

Bwana akakaa. Alikaa kwa upole wa ajabu, kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Samahani alimnyang'anya filimbi, akamwita mwenzake aliyekuwa karibu. "Wewe, kaa naye. Asisogee." Kisha akasukuma machela hadi kwenye gari la wagonjwa lililosubiri nje, huku akitunga kichwani namna ya kumwambia mama kwamba anarudia mwaka kwa sababu ya mdomo wake.

Profesa aliposhuka, darasa zima lilimwangalia Samahani kama watu wanaoangalia maiti.

"Kumi na mmoja," Profesa alihesabu. "Wa kumi na mbili yuko wapi?"

"Hatukumpata, Profesa," alisema kiongozi wa darasa. "Tulitafuta hadi kwenye mapipa. Hata msimamizi alitusaidia."

"Msimamizi yupi?"

Vidole ishirini vikaelekea ukutani. Profesa akamwendea yule bwana, akachomoa kadi iliyokuwa imezama ndani ya kizibao chake, akaisoma kwa sauti:

"Majeruhi wa kumi na mbili. Ameangukiwa na tofali kichwani, akili imeruka, anajiona ndiye mkuu wa shughuli. Atakayemtii amefeli, atakayemkalisha chini na kumwekea mtu wa kumwangalia, amefaulu."