Sauti ya Mwasiti

Ukitaka kazi ya kulinda mitandao siku hizi, weee, unaanza na mama yako mzazi! Kampuni inachukua sauti ya mwanagenzi, inaipa mashine, halafu mashine inampigia mama simu kila siku, kwa namba ile ile ya mwanawe, ikijifanya ndiye. Mama akiikubali hata mara moja, mwanagenzi hana kazi. Asiyeweza kulinda kwao atalinda nini?

Mwanagenzi Mwasiti alikuwa Dodoma, mama yake Kondoa, na kuonana ni likizo tu. Leo homa ilimbana peke yake chumbani, akashindwa kuvumilia, akapiga mwenyewe.

"Mama, ni mimi. Naumwa."

"Shikamoo umeiacha wapi, we mashine?" Mama akacheka.

"Shikamoo mama. Wallahi ni mimi. Siombi kitu, nataka tu kukusikia."

Mama akaendelea kupika. Mafuta ya maandazi yalisikika yakichemka kwenye karai.

"Hapana. Mwanangu hatafukuzwa kwa sababu ya huruma zangu."

Mwasiti akaangua kilio, kamasi na kila kitu.

"Leo hujajitahidi," Mama akasema kwa upole. "Yule wa jana alilia vizuri zaidi."

Akakata simu.