Nozeli ya Nne

Kila Jumamosi asubuhi Mwanakheri, mjane muuza mboga, alichemsha chai ya tangawizi huku Fundi Shauri akiwa uani, akibadilisha nozeli ya kurushia mafuta kwenye pikapu ya mjane huyo. Moja tu kila wiki. Fundi alisema injini ya dizeli ikipewa nozeli nne mpya kwa siku moja itashtuka.

Leo, kabla chai haijachemka, injini iliunguruma. Mwanakheri alitoka na kijiko mkononi. Nozeli ya nne ilikuwa imeingia. Injini haikugongagonga tena wala kutoa moshi, na Shauri alisimama kando ya gari kama mtu aliyefiwa.

"Imepona," alisema.

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi, Bi Mwanakheri." Akafuta spana iliyokwisha kuwa safi. "Labda Jumamosi nije nitazame betri."

"Betri nimenunua mwezi jana."

"Basi tairi."

"Fundi, shemeji yangu ni dereva wa lori. Ameniambia nozeli hubadilishwa zote siku moja."

Shauri aliinamisha uso. "Amekwambia lini?"

"Jumamosi ya kwanza."

Akainua macho polepole. Mwanakheri alikuwa amebana midomo asicheke.

"Ulijua, na bado ukanipikia chai?"

"Na vitumbua. Haya sema, chai inamwagika huko jikoni."

Shauri akaingiza mkono dirishani, akazima injini. Ua ukawa kimya.

"Nataka kuja hata gari likiwa zima," alisema. "Nakuja kwa ajili yako."