Betri Zilizochoka

Redio ilikuwa tupu tena. Zuhra aliigeuza chali, akapapasa mahali pa betri kwa vidole, kana kwamba macho yanamdanganya. Zile mpya, za ganda la dhahabu, zilizojaa madukani Newala tangu ruksa ya bidhaa za nje iingie, alizinunua mwenyewe juzi kwa hela ya korosho.

"Baba Mussa, betri ziko wapi?"

"Nimebadilishana na Sikudhani," alijibu mumewe Tahiri bila kuinua uso kwenye gitaa lake. "Kachukua mpya, kanipa zake zilizochoka."

"Mtu mwenye akili zake anatoa kipya achukue kilichochoka?"

"Mpiga gitaa, ndiyo."

Akamweleza. Kile kikwaruzo alichokiunda ndani ya kopo la samaki kwa vyuma vya redio mbovu, kile kilicholipa gitaa lake sauti ya kukoroma na bendi yao ikaanza kuitwa mpaka Masasi, hakitaki betri yenye nguvu. Hasa hizi mpya za kigeni. Ukizitia, gitaa linapiga kelele za bati. Linataka betri za kawaida, tena zilizokaribia kufa.

Zuhra alisikiliza huku wivu ukimpanda. Sikudhani alikuwa mtalaka wa Masasi, mwenye kibanda cha kanda pale sokoni na wanja usiofutika hata kwenye jua la mchana. Na kilichomuuma Zuhra si betri. Kila Tahiri alipokwenda kubadilisha, alioga kwanza, ndoo nzima, hapa Newala ambapo watu hunawa uso kwa kikombe. Akapiga na shati pasi. Zuhra hakuwahi kusikia betri inayotaka mtu aliyenyooshwa shati.

Siku ya mazoezi alimfuata ukumbini, khanga kaikaza kiunoni, tayari kwa lolote. Alimkuta mzee Nikolao, mpiga besi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Nataka kuzisikia hizo betri."

Nikolao alitazama khanga ilivyokazwa, akaelewa, akacheka kidogo. Alitia betri mpya kwenye kikwaruzo, Tahiri akapiga. Sauti ilitoka nyembamba, kali, ikauma meno. Akatia zilizochoka. Gitaa likakwaruza taratibu, nene, lenye utamu wa mtu anayebembeleza huku sauti imemkauka. Hata Zuhra, asiyejua uzi mmoja na mwingine, mwili ulimsisimka.

"Umesikia? Mumeo hakudanganyi," Nikolao alisema.

Aibu ikamshika. Njiani kurudi alimuuliza mumewe kwa upole, "Lakini kwa nini zitoke kwake tu?"

"Redio ya kibandani kwake haizimwi kutwa. Wewe betri zikilegea kidogo tu unazianika juani, zinafufuka."

Ilikuwa kweli. Kama wanawake wote wa mtaani, Zuhra alizianika betri kwenye ungo, kando ya muhogo. Basi, akasema moyoni, kama ni kuchosha betri tu, mimi nitashindwa?

Akanunua betri za kawaida, za ganda la karatasi. Alfajiri aliwasha redio, na haikuzimwa. Ilisema habari, vifo, kilimo cha korosho, mpira ambao hakujua nani anacheza na nani. Majirani wakauliza kama amerithi mali. Hakuanika kitu. Siku mtangazaji alipoanza kuongea kama mwenye mafua, Zuhra alizitoa betri kwa heshima, akamkabidhi mumewe.

Tahiri alizipeleka ukumbini. Alasiri alirudi mbio mbio, uso unang'aa, akaliweka kopo mezani.

"Mke wangu, hizi zimezipita za Sikudhani. Hata Nikolao kakubali. Sauti niliyokuwa naitafuta ndiyo hii."

Zuhra alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wiki nzima alikuwa amelala upande mmoja na wivu wake, na sasa ulikuwa umekwenda. Alimsamehe Tahiri. Alimsamehe hata Sikudhani na wanja wake, akaapa moyoni kwamba wakikutana sokoni atamwamkia. Akaingia jikoni kukaanga korosho, akiimba.

Magharibi alisikia maji yakimwagika bafuni. Alipochungulia baadaye, Tahiri alikuwa sebuleni amevaa shati lililonyooka, amefungua kopo, anazitoa zile zile betri na kuzitia mfukoni.

"Unakwenda wapi, Baba Mussa?"

"Kwa Sikudhani mara moja," alisema, akifunga kifungo cha mwisho. "Nikabadilishe hizi, anipe zilizochoka."