Aliyekaa Eda

Kufuli lilikuwa kwa nje. Hyasinta aliliona siku ileile alipoingiza sanduku lake ghorofa ya tatu, Mchafukoge, akajifanya hakuliona. Angesemaje? Wiki mbili nzima madalali walikuwa wamemzungusha jua kali, masomo ya uzamili yameshaanza, na chumba alichokipata ni hicho kimoja tu.

"Chumba cha mwisho yumo mdogo wangu," Hamdiya, mwenye nyumba, alimwambia kabla hajakimbilia duka lake la vitambaa Kariakoo. "Amefiwa na mumewe, yuko eda. Usimgongee, usimsemeshe. Na mwanaume asikanyage humu, hata awe mwalimu wako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada. Poleni sana."

Hyasinta alikuwa Mkristo wa Mbinga, eda aliisikia kwa jina tu. Kwao mfiwa hujaziwa watu mpaka uani. Huyu hakujaliwa hata jirani mmoja wa kuja kumpa pole. Haya, akajisemea, kila watu na mila zao.

Lakini macho hayana pazia, na masikio nayo hivyohivyo. Asubuhi na jioni Hamdiya alifungua kufuli, akaingiza sahani, akafunga. Mchana nyumba ikibaki kimya, kilisikika kilio cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga. Siku moja Hyasinta uzalendo ukamshinda, akasogea mlangoni.

"Dada, unahitaji chochote?"

Kilio kikakatika. Kisha ikaja sauti, chini kabisa: "Ondoka hapo. Utaniponza."

Siku hiyo hakusoma hata ukurasa mmoja.

Aliyemfumbua macho alikuwa Khalil. Huyu aliuza vitabu vilivyotumika kwenye meza aliyoitandika ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa jengo. Mtu wa makamo, mstaarabu, hana papara na mteja. Meza alikuwa ameianza mwezi huohuo, na vitabu vyenyewe wala hakuvijua sana. Hyasinta alimwendea kutafuta kitabu cha takwimu, akajikuta anamwaga ya moyoni.

"Eda?" Khalil alikunja uso. "Mwenye eda hafungiwi kufuli, dada yangu. Wanawake wenzake huingia, hukaa naye, humliwaza. Huo si Uislamu kabisa." Akainua macho kulitazama jengo. "Ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Asubuhi anakohoa? Kikohozi kikavu, kama cha mwenye pumu?"

"Eee! Kila siku!"

"Masikini ya Mungu." Machozi yalimlengalenga, mwanaume mzima.

"Niende kwa mjumbe?"

"Mjumbe ni mtu wao. Hujamaliza kujieleza, mwenye nyumba ameshapigiwa simu."

Hyasinta aliogopa, tusidanganyane. Akimuudhi Hamdiya chumba hana, na bila chumba masomo ndiyo basi, arudi Mbinga akachekwe. Lakini anayelia ukuta wa pili ni mtu, na yeye amekuja mjini kusomea ustawi wa jamii! Aibu ilimkaba kuliko woga.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," Khalil alimtia moyo. "Huenda Mungu amekuleta Bongo kwa ajili ya huyu."

Ijumaa saa tano asubuhi, Hamdiya akiwa dukani, Hyasinta alishuka kumfungulia Khalil mlango wa chini. Alikuja na nondo fupi aliyoizungushia gazeti. Akapanda ngazi mbiombio hata mwenyeji wake akaachwa nyuma anahema. Kufuli halikuchukua muda. Pigo la pili tu, likaanguka sakafuni.

Chumba kilikuwa safi, madirisha yamezibwa kwa mapazia mazito. Mwanamke kijana alikuwa amejibana kwenye kona, nyuma ya kitanda, kanga mdomoni. Kovu la moto lilimshuka kutoka shavuni mpaka shingoni. Hyasinta aliliona, moyo ukamuuma, akamlaani Hamdiya kimoyomoyo kwa ukatili ule.

"Usiogope, dada," akasema, akimnyooshea mikono yote miwili. "Tumekuja kukutoa."

Mwanamke hakuipokea mikono, wala hakumtazama Hyasinta. Alimtazama aliyesimama nyuma yake, akazidi kujibana ukutani. Hyasinta alisikia Khalil akirudishia mlango, taratibu, na komeo likiingia mahali pake.

"Binti," mwanamke alinong'ona, "huyo uliyemleta ndiye mume wangu."